Mafuta ya Majani Yenye Harufu na Miche ya Mashamba ya Dodoma

Kila mwaka, mvua za kwanza zinapoanza kunyesha Dodoma, Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Manyoni, mkulima huwa na swali moja moyoni mwake lililo kubwa kuliko mengine yote: mbegu niliyoifukia itatoka, au haitatoka? Katika nchi za mvua nyingi mtu aweza kupanda mara mbili au tatu bila hasara kubwa. Huku kwetu sivyo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba mpaka Aprili, na kipimo chake mjini Dodoma ni yapata milimeta 570 kwa mwaka mzima, tena haigawanyiki sawasawa. Yaweza kunyesha siku tatu mfululizo, kisha ikakatika majuma mawili au matatu, na jua likawaka juu ya miche iliyo na majani mawili tu. Mbegu iliyochipua upesi na kupeleka mzizi chini kabla ya ukavu kuingia, hiyo huokoka, iliyochelewa hufa. Basi mtu mwenye debe moja la mbegu ya mtama lililobaki baada ya miezi ya njaa, debe lile kwake ni chakula cha nyumba nzima cha mwaka ujao.

Kwa sababu hiyo hatushangai kuona watu wakisikiliza kwa hamu habari yoyote ya dawa ya kuzipa mbegu nguvu. Katika siku hizi habari mojawapo inayotembea ni ya mafuta ya mimea yenye harufu, kama vile mchaichai, kivumbasi, mkaratusi na karafuu. Yasemwa ya kwamba mbegu zikiloweshwa, au miche ikinyunyiziwa, kwa maji yenye matone machache ya mafuta hayo, huchipua upesi, hutoa mizizi mingi, na hustahimili ukavu na magonjwa. Katika habari hizo mna kweli, na mna maneno yaliyoongezwa chumvi. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wazee wa vijiji na waalimu, ambao ndio huulizwa na wengine, lipi ni lipi.

Kwanza tueleze mafuta yenyewe. Wengi wakisikia neno mafuta hufikiri mafuta ya karanga, ya alizeti au ya ufuta, yanayokamuliwa katika mbegu. Haya tunayoyasema si ya namna hiyo. Chukua jani la mkaratusi, ulikunje na kulisugua kwa vidole, kisha uvinuse: harufu ile kali ndiyo mafuta yake, yaliyokuwa yamefichwa katika vifuko vidogo sana ndani ya jani, navyo umevipasua. Mafuta haya ni mepesi, huruka hewani kama maji yaliyoachwa juani. Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake tofauti kwa njia rahisi. Tia tone moja la mafuta ya alizeti juu ya karatasi nyeupe, na kando yake tone moja la mafuta ya mkaratusi yanayouzwa dukani kwa ajili ya mafua. Kesho yake doa la alizeti litakuwapo vilevile. La mkaratusi litakuwa limekwenda, au limebaki kidogo sana. Jambo hili la kuruka hewani tulikumbuke, kwa maana ndilo linaloharibu mambo mengi shambani, kama tutakavyoona.

Mmea haukujifanyia mafuta hayo ili utufurahishe sisi pua zetu. Ni silaha yake. Mmea hauwezi kukimbia wala kupiga, basi hujilinda kwa kutengeneza vitu vichungu na vikali vinavyowachukiza wadudu, vinavyozuia ukungu, na pengine vinavyozuia hata mbegu za mimea mingine zisiote karibu nao. Wale waliojaribu kupanda mahindi chini ya mikaratusi wameona jinsi yanavyodhoofika. Sehemu moja ya sababu ni kivuli, nyingine ni mizizi ya mti kunywa maji yote, na nyingine ni vitu vinavyotoka katika majani yaliyoanguka.

Kuyapata mafuta hayo ni kazi. Majani hutiwa katika chombo kikubwa kilichofunikwa, mvuke wa maji ya moto hupitishwa ndani yake, nao hubeba mafuta. Kisha mvuke huo hupitishwa katika bomba lililopozwa kwa maji baridi, nao hurudi kuwa maji na mafuta, navyo hujitenga. Mafuta mengi huelea juu. Ya karafuu, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, huzama. Ndugu zetu wa Pemba wanaijua kazi hii vyema, kwani kule Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachotoa mafuta katika makonyo ya mikarafuu. Karafuu ni tajiri sana: katika kilo 100 za karafuu kavu zaweza kutoka kilo 15 za mafuta, au zaidi. Lakini mchaichai mbichi, ukiupika kilo 100, hata kilo moja kamili hupati. Kwa hiyo chupa ndogo ya mafuta safi ni jasho la shamba zima, na anayeiuza kwa bei ya maji ya kunywa, ama amechanganya, ama amekosea hesabu.

Hapa tuondoe kosa moja linalosikika mara nyingi Dodoma, mji wenye miarobaini karibu kila uani. Mafuta ya mwarobaini hukamuliwa katika kokwa, nayo ni ya jamii ya alizeti, mazito, hayaruki upesi. Yana kazi yake njema ya kuwasumbua wadudu, kwa kuwa ndani yake mna kitu kinachowaharibia ulaji na ukuaji wao. Lakini si mafuta ya namna hii tunayoyaeleza, na atakayetumia moja badala ya lingine kwa kipimo kimoja atajuta.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Je, kitu kilichoumbwa kuwa silaha chawezaje kuipa mbegu nguvu? Wataalamu wanaeleza njia mbili. Njia ya kwanza si nguvu hasa, bali ni ulinzi. Mbegu nyingi zinazokufa ardhini hazifi kwa kukosa maji tu. Juu ya ganda lake, na pengine ndani yake, mmekaa ukungu na bakteria waliotoka nao shambani mwaka jana. Maji yakiingia, navyo huamka pamoja na mbegu, na yule aliye upesi ndiye anayeshinda. Mafuta ya karafuu, ya mchaichai na ya kivumbasi hutoboa ngozi ya seli za ukungu, vitu vya ndani vikavuja, ukungu ukafa au ukalala. Mbegu iliyoondolewa adui huyo huchipua vizuri, na mkulima anayetazama husema kuwa dawa imeipa nguvu, kumbe imeipa nafasi tu.

Njia ya pili ndiyo inayoitwa hasa kuchangamsha. Mmea mchanga ukionja kidogo sana cha kitu kikali, hukichukua kama tarumbeta ya vita. Huanza kujiandaa, hutengeneza kinga zake mapema, na ukavu au ugonjwa ukija baadaye huukuta haukulala. Hilo limeonekana katika majaribio mengi ya maabara katika nchi mbalimbali. Lakini angalieni neno letu: kidogo sana. Kwa maana mafuta yaleyale yanayotoboa ngozi ya seli za ukungu hutoboa pia ngozi ya seli za mzizi mchanga. Hayana macho ya kubagua.

Wala hatusemi haya kwa kukisia. Huko Uholanzi wafanyabiashara wa viazi waliwahi kutumia kitu kinachotolewa katika mafuta ya mbegu zenye harufu, jamaa ya bizari, ili kuvizuia viazi visichipue ghalani. Huko Marekani mafuta ya karafuu hutumika kwa kazi hiyo hiyo, tena wakulima wasiotaka dawa za kiwandani huyanyunyiza, kwa kipimo kikubwa, kuua magugu yangali machanga. Tazameni basi! Mafuta ambayo mtu mmoja anayasifu kuwa yaotesha mbegu, mwingine anayanunua ili mbegu zisiote. Wote wawili wana haki. Kilichowatenga ni kipimo.

Sisi wenyewe tuliwahi kuonja kosa hilo. Tulichemsha majani ya mkaratusi kwa wingi mpaka maji yakawa rangi ya chai ya rangi, tukayapoza, tukaloweka ndani yake mbegu za mtama usiku kucha, tukijiona wajanja. Zilizochipua zilihesabika kwa vidole, nazo zilikuwa na vimizizi vifupi, vyeusi nchani. Jirani aliyepanda mbegu zilezile bila dawa yoyote alitucheka, naye alikuwa na haki ya kucheka. Tulishukuru kuwa tulikuwa tumetia mbegu za konzi moja tu.

Serikali za Ulaya nazo zimelifikiri jambo la vichangamshi vya mimea, kwa kuwa biashara yake imekuwa kubwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika kamili mwaka 2022, inasema kwamba kichangamshi ni kitu kinachouamsha mmea utumie chakula chake vizuri zaidi, au ustahimili taabu kama ukavu na joto, au utoe mazao bora, bila kuhesabu mbolea iliyomo ndani yake. Kitu kinachoua wadudu au ukungu hakihesabiwi humo. Hicho ni kiuatilifu, na kina sheria yake nyingine. Kwa hiyo mafuta yetu haya yenye harufu yamekaa mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na kila mwuzaji huyaita jina linalomfaa siku hiyo.

Katika Afrika majaribio hayakukosekana. Mwaka 1990 wataalamu wa kituo cha elimu ya wadudu kiitwacho ICIPE, Nairobi, walitangaza habari ya majani ya kivumbasi na ya karafuu, vitu ambavyo watu wa sehemu za Afrika Mashariki walikuwa wakivitia ghalani tangu zamani kulinda nafaka. Walitenga vitu vilivyomo katika mafuta yake, wakaona kweli kwamba huwafukuza fukusi. Hapo desturi ya wazee ilipata ushahidi wa maabara. Tena jambo hili lahusu miche kuliko inavyodhaniwa, kwa maana punje iliyotobolewa na fukusi, hasa ikiliwa pale penye kiini, haioti kamwe, hata uiloweke katika marashi ya mfalme.

Huko Kameruni wataalamu walijaribu mafuta ya mchaichai na ya jamii ya kivumbasi juu ya mbegu za mpunga ili kuzuia ukungu unaosafiri ndani ya mbegu. Burkina Faso, nchi kavu inayolima mtama na uwele kama sisi, walijaribu kulowesha mbegu za mtama katika maji ya mmea mmoja wa porini uotao penye unyevu, wakaona ukungu umepungua na miche iliyotoka imeongezeka. Na hapa kwetu, mwaka 2012, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Denmark, walieleza jinsi walivyotibu mbegu za nyanya kwa maji ya mshubiri, ya kahawa na ya mmea mwingine wa Marekani, ili kupunguza ugonjwa wa madoa unaoletwa na bakteria. Majaribio haya mawili ya mwisho hayakuwa ya mafuta yenye harufu bali ya maji ya mimea. Lakini yanaonyesha njia moja: mmea mmoja ukitumika kumlinda mwingine tangu angali mbegu.

Pana jambo jingine lililo karibu na haya, ambalo kwetu sisi linapendeza kuliko yote, nalo ni moshi. Katika nyumba nyingi za vijijini mbegu ya mwaka ujao haikuwekwa ghalani pamoja na chakula. Masuke mazuri yalichaguliwa shambani, yakafungwa mafungu, yakaning'inizwa juu ya moto wa jikoni, yakakaa hapo hata yakawa meusi kwa masizi. Wageni wengi walidhani ni kwa ajili ya kufukuza wadudu tu. Mwaka 2004 wataalamu wa Australia, na wengine wa Afrika ya Kusini mbali nao, walikipata katika moshi wa mimea inayoungua kitu kimoja kinachoamsha mbegu kuota, kwa kipimo kidogo ajabu, kidogo kuliko tone katika pipa. Wale wa Afrika ya Kusini walijaribu moshi huo hata kwa mahindi, wakaona miche ina nguvu zaidi. Moshi nao ukizidi huzuia badala ya kuamsha. Sheria ni ileile. Lakini bibi aliyening'iniza masuke yake jikoni hakuwa mshirikina wala mjinga, na ingefaa waalimu wawaambie vijana hivyo, maana wengi siku hizi wanaona haya kuwa na mbegu nyeusi kwa moshi.

Sasa kwa nini mafuta yanayofanya vizuri katika maabara huonekana dhaifu shambani? Sababu moja tumekwisha kuitaja: huruka. Katika kisahani kilichofunikwa, chenye karatasi yenye unyevu, harufu haina pa kwenda. Katika udongo wetu mwekundu wa Dodoma, uliopigwa na jua la mchana hata usiweze kuukanyaga bila viatu, haikai. Sababu ya pili ni kwamba mafuta hayachanganyiki na maji. Mtu hutia matone katika ndoo, akakoroga, akadhani yamekwisha. Kumbe yanaelea juu, na mbegu za juu huungua hali za chini hunywa maji matupu. Wanaojua hutia sabuni kidogo ili mafuta yavunjike vipande vidogo vidogo. Sababu ya tatu ni kwamba mafuta ya mmea mmoja hayafanani mahali pote: kivumbasi cha Mpwapwa na cha Moshi, kilichochumwa masika na kilichochumwa kiangazi, vyaweza kuwa na nguvu mbalimbali kabisa. Dawa ya kiwandani kipimo chake kimeandikwa. Ya majani huna budi kuipima kila mara.

Lakini iko sababu ya nne, na hii ndiyo tungependa kila msomaji aishike. Mtu akiloweka mbegu usiku kucha katika maji yenye mafuta, asubuhi akapanda, zikatoka mapema kuliko za jirani, atasema ni mafuta. Huenda ni maji! Kulowesha mbegu kwa maji matupu, bila dawa yoyote, ni njia iliyojaribiwa na wakulima wenyewe, India na Zimbabwe katika miaka ya 1990, kisha Mali na Sudani ya magharibi kwa mtama na uwele. Mbegu huhitaji kunywa maji kwanza kabla haijaanza kuota. Ikinywea nyumbani, yale masaa ambayo ingeyatumia kunywa ardhini yameokolewa, na unyevu wa mvua moja humtosha kuchomoza. Mtama hulowekwa yapata saa 8 mpaka 10, na mahindi saa 12 mpaka 18. Kisha huanikwa juu ya mkeka kivulini mpaka ganda likauke lisishikane mikononi, na kupandwa siku ileile. Usizidishe muda, kwa maana mbegu ikikwisha kuanza kuchipua ndani ya maji hairudi nyuma, na ukiichelewesha itakufa.

Tena kuna onyo lililo la lazima kwa nchi yetu. Wakulima wengi wa Dodoma huberega mashamba yao na kupanda katika vumbi kabla ya mvua, wakitumaini mvua itazikuta mbegu zao tayari. Kwa kupanda huko, mbegu kavu ndiyo inayofaa, kwa sababu yaweza kungoja. Mbegu iliyoloweshwa isipandwe kavuni kamwe. Ingojee udongo uliolowa, au ipandwe katika mashimo yanayokusanya maji, kama yale yaliyoanzia kijiji cha Chololo, ambayo huchimbwa kabla ya msimu, kipenyo chake sentimeta 22 na kina chake sentimeta 30.

Na mbegu zilizonunuliwa dukani zenye rangi nyekundu, ya kijani au ya buluu zimekwisha kupakwa dawa. Hizo zisilowekwe katika kitu chochote, wala maji yake yasimwagwe mahali wanapokunywa kuku na mbuzi.

Basi je, mafuta ya majani tuyatupe? La. Mahali pake panapofaa kwanza, kwa maoni yetu, si shamba la mtama bali kitalu. Watu wa Hombolo na wa mabonde ya Mpwapwa wanaolima nyanya na vitunguu wanaujua ugonjwa wa kinyausi: miche iliyosimama vizuri jana, leo imelala, shingo imelainika na kuoza pale inapogusana na udongo. Kitalu ni kidogo, chaweza kufunikwa, chamwagiliwa kila siku, na mche mmoja una thamani kuliko punje moja ya uwele. Hapo kitu kinachoruka upesi kina nafasi ya kufanya kazi kabla hakijakwenda. Hata hivyo dawa ya kwanza ya kinyausi ni kutobananisha miche, kutomwagilia kupita kiasi, na kuhamisha kitalu kila msimu. Mafuta ni msaidizi, si bwana.

Atakaye kujaribu, na ajaribu kama ifuatavyo. Shule ndiyo mahali pazuri kuliko pote, kwa kuwa wapo watoto wa kuhesabu na mwalimu wa kuandika. Hesabuni mbegu 400 za mtama wa aina moja, zilizotoka katika chombo kimoja, mzigawe mafungu manne ya 100. Fungu la kwanza lisilowekwe. La pili lilowekwe katika maji matupu. La tatu katika maji yenye sabuni kidogo sana, kiasi cha kuteleza tu. La nne katika maji yenye sabuni ileile na tone moja la mafuta kwa lita moja ya maji, yaliyotikiswa sana ndani ya chupa. Tone moja kwa lita hatulisemi kuwa kipimo cha mkulima. Ni mahali pa kuanzia kujifunza. Mafungu matatu yaliyolowekwa yakae muda mmoja. Kisha kila fungu liviringwe katika kitambaa chenye unyevu, kila kitambaa katika sahani yake, na sahani ya mafuta iwekwe mbali na nyingine ili harufu yake isizifikie. Kila asubuhi hesabuni zilizochipua, mpaka siku ya saba, mpime na urefu wa mizizi kwa rula.

Kama fungu la pili, la tatu na la nne yamelingana, mmejifunza kwamba maji ndiyo yaliyofanya kazi, na mmeokoa fedha ya mafuta. Kama la nne limepungua, kipimo ni kikali. Kama limezidi, msishangilie bado. Rudieni mara tatu. Katika mbegu 100, kuchipua 82 huku na 86 kule si tofauti, ni bahati tu, kama kurusha sarafu. Na jaribio likishinda ndani ya kitambaa, litoke nje lijaribiwe katika mistari michache ya bustani, mistari ya dawa na isiyo na dawa ikipishana, kila mmoja na kigingi chake, mwandikaji akijua lakini mpalilia asijue, ili asije akaupenda mmoja kuliko mwingine.

Pengine mtu atasema huu ni uchelewaji. Sisi tunaoishi karibu na Kongwa tuna jibu. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianza pale shamba kubwa la karanga, kwa matrekta na mamilioni ya fedha, bila kwanza kujaribu mahali padogo kwa miaka ya kutosha kama mvua inatosha na kama udongo ule, ukikauka, utakubali karanga zing'olewe. Udongo ulikuwa mgumu kama tofali, mvua ikakosekana, na mwaka 1951 mpango ulifungwa, hasara yake ikiwa yapata pauni milioni 36. Serikali tajiri iliweza kuivumilia hasara ile. Mwenye debe moja la mbegu hawezi.

Mwisho tuseme juu ya chupa zinazouzwa minadani. Kila kiuatilifu, hata kiwe kimetoka katika majani, chapasa kuandikishwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na mbegu zinazouzwa zapasa kuthibitishwa na TOSCI. Ukiona chupa haina namba ya kuandikishwa, wala jina la mmea uliotoa mafuta, wala kipimo cha kuchanganya kwa lita, wala tarehe, basi muulize mwuzaji mambo hayo manne mbele za watu, na kama hana jibu mrudishie chupa yake. Yule atakayenunua iliyo halali aiweke katika chupa nyeusi, mahali pa baridi, mbali na watoto. Mafuta ya karafuu au ya mkaratusi yasiyochanganywa huchoma ngozi na macho, na mtoto akinywa hata kijiko kimoja ni hatari ya kupelekwa hospitali mara moja. Majaribio ya shule yafanywe Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, ili majibu yapatikane wakati mbegu ingali katika debe, na daftari lake lionyeshwe bwana shamba au bibi shamba wa kata.